Jumapili Tuliyogawana Mama

Kaka yangu aliugawa mwili wa mama yetu Jumapili moja baada ya chai, na kazi hiyo ilimchukua muda mfupi kuliko ule aliotumia kuchagua kiti cha kukalia. Tulikuwa sebuleni kwa Mama, huku karibu na Nyakoe, watoto wake wote watatu: kaka kifungua mimba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, mimi wa kati, mwalimu wa sayansi kule Nyamira, na dada yetu mdogo aliyeolewa Nyansiongo, anayefuga ng'ombe wa maziwa na mumewe. Mama mwenyewe alikuwa jikoni akituchemshia chai ya pili. Hakuna aliyemwita.

Tulikuwa tumekutana kwa sababu Mama alikuwa ameanza kuumwa kila mahali. Presha ilikuwa juu. Sukari ilikuwa imeingia. Magoti yalimkatalia kuteremka mtoni, na akiteremka yalimkatalia kupanda. Kila mara mmoja wetu aliacha kazi zake akampeleka hospitali, na kila mara wawili waliobaki walimlaumu kwamba amempeleka mahali pabaya. Ilikuwa kero tupu.

"Tugawane," kaka akasema. "Kila mtu awe na chake, ijulikane nani anajibu nini."

Kwetu neno hilo halimshangazi mtu. Sisi tunagawa. Mashamba yetu yaligawanywa na babu zetu, yakagawanywa na baba zetu, na sisi tukayagawanya tena, vipande vyembamba vinavyoanzia juu barabarani na kuteremka hadi mtoni, mpaka mtu akisimama katikati ya chake akanyoosha mikono anagusa michai ya ndugu zake pande zote mbili. Mpe Mkisii kitu kizima, swali lake la kwanza ni mpaka utapita wapi. Na kaka yangu alikuwa ameligawa shamba la marehemu Baba bila mtu kutoa panga, sifa ambayo ilikuwa imemwingia kichwani na kukataa kutoka.

"Mimi nachukua presha na moyo," akasema, "kwa sababu ndimi mkubwa."

Mpaka leo sijui moyo na kuzaliwa mwanzo vinahusiana vipi.

"Wewe mwalimu, sukari. Na wewe," akamgeukia dada, "magoti na mgongo, maana huko upande wenu kuna daktari mzuri wa mifupa. Macho pia chukua." Dada akauliza kuhusu meno. Kaka akafikiri, akasema meno yamebaki machache, tutayaangalia tukifika huko.

Nikamwambia mwili haugawanyiki hivyo. Nilimwambia jambo hili nalifundisha kila mwaka na nitalifundisha mpaka nistaafu: seli za aina moja zinajikusanya kuwa tishu, tishu zinaungana kuwa ogani, ogani zinashirikiana kuwa mfumo, na mifumo yote hiyo inategemea damu ile ile moja inayozunguka. Damu haijui mpaka. Ukiigusa hapa, umeigusa na kule. Ukimpa mtu moyo na mwingine ukampa sukari, umewapa kitu kile kile, kisha umewakataza kuongea.

"Mwalimu," kaka akanikata, "hapa si darasani. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Na vidole vitatu, kila kimoja kikiwa kwenye mkono wake, vinavunja chawa gani?"

Dada akacheka, kisha akaona uso wa kaka akaacha kucheka. Mama akaingia na chupa ya chai. Alituangalia mmoja mmoja, akauliza kwa Kikwetu kama tumemaliza. Kaka akamjibu kwamba tumemaliza, kila kitu kimewekwa sawa, kazi yake yeye sasa ni kumeza tu. Mama akasema haya, akatumiminia chai, akamwongeza kaka maziwa jinsi anavyopenda. Nikainywa ile chai nimefura kama chura, lakini nikainywa, na sukari nikaichukua.

Basi tukaanza. Kaka alikuwa na daktari wake wa moyo mjini, juu kabisa ya jengo la ghorofa, ambapo Mama na magoti yale alipandishwa ngazi akipumzika kila kona. Huko aliandikiwa dawa ya presha na nyingine ya kumfanya akojoe, maji yapungue mwilini. Dada alikuwa na daktari wake wa mifupa, aliyempa vidonge vya maumivu vya kumeza asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa na kliniki ya sukari Nyamira, benchi ndefu na watu wavumilivu, na vidonge vyangu vikubwa vyeupe. Tulianza kusema hivyo bila kuona aibu: vidonge vyangu, dawa yako, zile za kwake. Siku moja nilijaribu kumtajia mhudumu wa kliniki yangu habari za magoti ya Mama. Akaniambia kwa upole kwamba leo ni siku ya sukari.

Na ikawa mashindano, jamani. Tulikuwa na kundi letu la WhatsApp, na kaka akawa anaandika humo kwamba presha imeshuka, kwa herufi kubwa, kama mtu aliyeishusha kwa mikono yake. Dada akaleta video ya Mama akitembea kutoka zizini hadi mlangoni bila fimbo. Mimi nami sikukubali kuachwa nyuma, nikatuma picha ya kipimo cha sukari. Watu wazima watatu, wenye watoto wao, tunapigania alama.

Kila jioni Mama alipigiwa simu mara tatu. Kaka alimuuliza presha, dada alimuuliza magoti, na mimi nilimuuliza amekula nini na kama amemeza. Baada ya muda Mama akawa hangoji maswali. Nikipiga tu, kabla sijamsalimia, ananiambia, "Ee, wewe. Sukari iko sawa." Nakata simu nimeridhika. Kisha ninakaa nikikumbuka kwamba sikumuuliza hata kama ng'ombe wake amezaa au bado.

Halafu miguu ikavimba.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ujinga wetu una kina. Miguu ya Mama ilivimba kuanzia kwenye vifundo mpaka viatu vya kanisani vikakataa kuingia, na badala ya watu kuogopa, ukazuka ugomvi wa mpaka. Kaka akasema miguu ikivimba ni moyo, kwa hiyo ni yake, Mama akaongezewa ile dawa ya kukojoza. Dada akasema miguu ni miguu, imeanza wapi kuwa moyo? Akasema uvimbe umeshuka kutoka magotini, na daktari wake akakubali, akampa Mama vidonge vya maumivu vyenye nguvu zaidi. Mimi nilisema watu wa sukari huharibikiwa na miguu, hilo kila mtu analijua, nikamwambia Mama aache hata ile ndizi moja ya kuiva aliyokuwa akila mchana. Wote watatu tulikuwa na hoja. Wote watatu tulizungumza kwa ukali.

Wiki hiyo nilikuwa nafundisha gredi ya saba habari za figo. Nilichora ubaoni figo mbili, mishipa inayoingia, mishipa inayotoka, mirija miwili mpaka kwenye kibofu. Nikawaambia wanafunzi kwamba damu yote ya mwili hupita hapo kuchujwa, tena na tena kutwa nzima, na kwamba kila dawa mtu anayomeza, iwe ya kichwa au ya kidole, lazima hatimaye figo zijue habari zake. Nikaandika: figo hazina maumivu mapema. Nikabaki nimeshika chaki.

Figo hazikupewa mtu. Tulipogawana, tulitoka kifuani tukaruka hadi magotini. Na najua kwa nini. Kwetu kuna ensoni, ile haya inayokaa kati ya mzazi na mtoto wake, kwamba kuna mambo hayatajwi, na mtoto mzima hageuzi macho kuelekea huko. Figo zinakaa upande wa mkojo. Nani angekaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, mbele ya kaka yake, mbele ya dada yake, aseme mimi nachukua mkojo wa Mama? Hata mimi mwenye digrii sikusema. Tulimgawa mzazi wetu kwa adabu kabisa.

Mapumzikoni nilimpigia kaka. Nilimwambia dawa zote za Mama zikusanywe mezani, kila kopo na kila karatasi, zipelekwe kwa daktari mmoja azione kwa pamoja.

"Unataka kukagua kazi yangu?" akaniuliza.

"Nataka mtu mmoja aone dawa zote."

"Presha imeshuka. Daktari wangu amesomea ng'ambo. Wewe angalia sukari yako, mwalimu, kila mtu alime kwake."

Alime kwake! Nilimuuliza kama Mama ni viazi. Akakata simu. Nikampigia dada, naye akaanza kulia kabla sijafika mbali, akaniuliza kama nadhani anampa Mama sumu, akasema kwamba siku zote mimi huona wasiosoma sana hawampendi mzazi wao. Mimi nilikuwa nazungumzia mishipa, yeye akawa anazungumzia mambo ya tangu shule ya msingi. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lakini masikio haya yalikuwa ya watu wazima wa afya. Anayekufa alikuwa mwingine.

Jumamosi nikaenda mwenyewe. Nilimkuta Mama anatoka kanisani ameshikwa mkono na jirani, uso umemjaa, anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani asiyetaka yamwagike. Wageni wakaja, kama ilivyo Sabato, wakaimba, wakaomba, wakala. Walipoondoka nikakaa naye, akaniambia chakula siku hizi kina ladha ya chuma. Ngozi inamwasha. Usingizi hauji, na ukija hauna faida.

Nikakusanya ujasiri. "Mama, unakojoa vizuri?"

Aliniangalia kama nimevua nguo mbele yake. "Ala! Hayo ndiyo wanakufundisha uwaulize wazazi?"

"Mama, nauliza kwa sababu ya ugonjwa."

"Mimi ni mzima. Leo ni Sabato. Uliza habari za Mungu."

Nikamwambia basi anipe dawa zote nizione. Akasema hizo za kaka yako nikikupa atauliza kwa nini nimezitoa, na za dada yako vilevile, mtagombana, na mimi sitaki ugomvi. Nilimbembeleza. Nilimkasirikia pia, siwezi kuficha. Nilisimama pale mlangoni nikamwambia kwa sauti ambayo si ya kuongelea na mzazi kwamba nyumba hii yote ina wazimu. Akaniambia nichukue sukuma wiki na yale maziwa ya mgando nirudi kwangu kabla mvua haijanyesha. Nikayachukua. Mvua ikaninyeshea hata hivyo, na nilitukana njia nzima mpaka stendi.

Katikati ya wiki iliyofuata jirani yule yule akanipigia nikiwa darasani. Mama alikuwa ametapika tangu alfajiri na sasa anaongea maneno yasiyoeleweka, anamwita Baba aje afunge ng'ombe. Niliwaacha wanafunzi bila hata kuwaambia wafungue ukurasa gani.

Tulikutana hospitalini, wote watatu, kila mmoja ametoka upande wake. Mama alikuwa amelala macho nusu, mikono imevimba mpaka pete ya ndoa imezama. Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, lafudhi ya watu wa ziwani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akauliza: mgonjwa anatumia dawa gani?

Kaka akasema za presha. Dada akasema za magoti. Mimi nikasema za sukari. Tulisema kwa wakati mmoja.

"Mmoja mmoja," daktari akasema. Tukasema mmoja mmoja. Akaandika, akaacha kuandika, akatuangalia. "Nani kati yenu anazijua zote?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilisema. Nilikuwa nayo midomoni, ile hasira yote ya wiki nzima, na ingekuwa tamu kuimwaga pale kaka akisikia. Lakini nilipomwangalia Mama nikaona kwamba haitamsaidia kupumua. Nikajibu, "Hakuna."

Alipopata majibu ya damu akatuita kando ya dirisha. Alisema figo za Mama zimesimama, au karibu kusimama, na akatueleza kwa Kiswahili chepesi kama mtu anayeelekeza njia. Ile dawa ya maumivu inabana mshipa unaoingiza damu kwenye figo. Ile ya presha inalegeza mshipa unaoitoa. Ile ya kukojoza inapunguza maji mwilini. "Chukulieni tangi la nyumbani," akasema. "Mmefunga bomba la kuingiza, mmefungua la kutoa, na mvua imekatika. Kila dawa peke yake ni nzuri. Hazikutakiwa kukutana bila mtu kuangalia." Kisha akaongeza kwamba vidonge vya sukari navyo figo zikilala havina pa kutokea, vinajirundika mwilini. Hapo nami nikapata fungu langu.

Dada akaketi sakafuni. Kaka akauliza kama atapona. Daktari akasema tusubiri mkojo.

Na tukasubiri mkojo. Sisi wenye ensoni zetu, tuliojificha nyuma ya vitambaa vya viti, tukawa tunauliza habari ya mkojo wa mama yetu mbele ya wodi nzima. Kaka, mwenye tumbo lake na suti yake ya dukani, alikuwa akiinama kutazama mfuko ule uning'iniao kitandani akisema umeongezeka, umeongezeka, njooni muone. Kama nisingekuwa na uchungu ningecheka. Dawa zote za kwetu zilikuwa zimesimamishwa. Walimpa maji kwa mshipa, wakampima, wakampa tena. Kuna siku walitaja mashine ya kusafisha damu, na siku hiyo hakuna aliyekula. Siku iliyofuata wakasema tungoje kidogo, kwa maana mkojo umeanza kuja wenyewe. Mama akafumbua macho, akaniuliza nani anakama ng'ombe.

Figo zilirudi, lakini si zote. Daktari alisema kuna sehemu imekufa na haitaamka, hiyo iliyobaki ndiyo ya kulindwa maisha yake yote. Akatuambia tuwe na kliniki moja na faili moja. Vidonge vya maumivu, hapana kabisa. Akaandika dawa mpya, chache, na akatuonya kwamba hizi Mama asikose hata siku moja, kwa sababu presha ikipanda tena hiyo sehemu iliyobaki haitastahimili.

Tukatoka hadi koridoni. Kaka akavuta pumzi, akajikohoza, akasimama kama anavyosimama kwenye mikutano ya ukoo.

"Basi," akasema. "Figo tumpe nani?"

Sikumbuki vizuri nilichosema. Najua nilikisema kwa sauti, kwa sababu muuguzi alikuja kutuambia kuna wagonjwa hapa. Nilimwambia kwamba yeye ana kichwa cha kupimia viwanja. Nilimwambia akitaka kugawa, aanze na ujinga wake, maana unatutosha ukoo mzima. Dada alikuwa akinivuta mkono. Kaka akaikunja ile karatasi ya dawa mpya, akaikunjua, akaikunja tena. Hapo nikaona kwamba alikuwa ameuliza kwa sababu aliogopa, na kwamba hakuna njia nyingine anayoijua ya kushika kitu kinachomtisha. Hilo halikupunguza hasira yangu. Lilinifanya tu nisijue niielekeze wapi. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Chukua zote wewe. Zote. Uwe unatuambia."

Nikachukua. Niliomba ruhusa shuleni, na siku Mama aliporuhusiwa nikarudi naye Nyakoe kukaa naye. Kesho yake asubuhi alikuwa nje ya mlango wa jikoni, amekaa kwenye kigoda, akichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, taratibu, majani huku, mabua kule. Amekonda. Miguu imerudi miguu. Nikamletea maji na vidonge vyake vipya kiganjani mwangu, nikiwa nimejaa furaha ya mtu ambaye hatimaye amesikilizwa.

Akaviangalia. "Hivi ni vya nani?"

"Ni vyako, Mama."

"Najua ni vya kwangu, si mimi mgonjwa? Nauliza vimetoka kwa nani."

"Kwa daktari. Yule msichana wa hospitali."

"Ahaa." Akarudi kwenye mboga zake. "Basi hivyo viweke hapo. Nimechoka na dawa."

Damu ilinipanda. Nilimweleza habari yote ya figo, kuanzia mwanzo, na mshipa unaoingiza na mshipa unaotoa, na sehemu iliyokufa na sehemu iliyobaki. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri marefu. Nilipomaliza alisema ameelewa, na akaendelea kuchambua. "Viweke tu."

"Mama! Vile vya magoti, vilivyokuua nusu, ulimeza vyote, hukubakisha hata kimoja. Hivi vya kukuponya ndivyo unavikataa?"

"Vile vililetwa na dada yako."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini?" Sasa naye alikuwa amekasirika. "Vilinichoma tumbo tangu siku ya kwanza. Unafikiri sikujua? Zile za kaka yako zilinitoa nje usiku mpaka nikaanguka hapo kwenye migomba. Na zako ziliniharisha, kama hukujua, mpaka kanisani nikawa nakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Ningewaambia nini? Nikiacha za dada yako, atasema nampenda kaka yako. Nikiacha zako, wewe ninavyokujua, utanuna mpaka Krismasi. Mtoto akileta kitu, mzazi anakipokea. Mtoto hachaguliwi." Akakung'uta majani kwenye sufuria. "Huyo daktari mimi sikumzaa. Vyake naweza kuvikataa."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa na somo zima tayari kichwani, seli, tishu, ogani, mfumo, na kila neno ndani yake lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na kazi pale mlangoni. Nilitaka kupiga kelele. Vidonge vilikuwa vimeanza kulowa jasho la mkono wangu.

"Mama," nikasema, "nimevileta mimi."

Akapangusa kiganja kwenye leso, akakinyoosha.